Kifungua Mlango cha Daktari

Mwaka ule niliuza nguo kuliko mwaka mwingine wowote tangu nianze biashara ya mitumba Tandika, na sababu yenyewe ni kwamba nilikuwa siwezi kukaa.

Wenzangu sokoni walikuwa na maelezo yao. Jirani yangu wa meza, muuza mashuka mwenye ulimi usiolala, aliwatangazia watu kwamba nimepata bwana mpya. "Mwanamke wa makamo hasimami wima vile toka asubuhi mpaka jioni bure bure," alisema. "Kuna mtu anamtazama." Mie nikamwacha. Mteja akimwona muuzaji amesimama, hudhani kuna belo jipya la nguo limefunguliwa, anasogea. Na uvumi haulipi kodi ya meza, lakini unaleta watu.

Ukweli ulikuwa mdogo na mgumu, nao ulikuwa upande wa kulia. Ulianza kama mbegu ya ubuyu chini ya ngozi, huko ambako mtu hajitazami mpaka awe na sababu. Nikaupapasa, nikaupapasa tena, kwa kuwa mie kitu sikihesabu mara moja nikaamini. Ulikuwepo mara zote mbili. Miezi ikapita ukawa kama kunazi, kisha kama zambarau. Haukuuma, haukutoa usaha, haukuwasha. Ila nikikaa kitako juu ya belo, nilijua tumekaa wawili.

Nilikwenda duka la dawa. Kijana wa pale akaniuliza, "Jipu liko wapi, mama?"

Nikamjibu, "Mguuni."

Sikusema uongo. Mguu unaishia wapi kwa juu, hakuniuliza, na mie sikuwa na haraka ya kumfundisha. Akanipa vidonge vya jipu la mguuni. Nikavimaliza, nikarudi, nikapunguziwa bei kwa kuwa nishakuwa mteja, nikavimaliza tena. Zambarau likabaki zambarau.

Mume wangu ni fundi wa kupiga plasta, mtu wa maneno machache. Akikwambia sentensi mbili mfululizo, jua kuna msiba. Aliniona nakula nimesimama. Aliniona nalala nimeelekea ukutani. Hakuniuliza kitu. Alifanya wanachofanya wanaume wa kwetu pwani mambo ya chumbani yakiwashinda: alimpigia simu somo yangu.

Somo ndiye aliyenifunda nilipokuwa mwali, ndani, mlango umefungwa na ngoma iko uani. Siku hizi anakaa Bunju, amezeeka, lakini bado anafunda mabinti na bado akisimama kucheza watu wanampisha. Akanipigia saa nne asubuhi, nikiwa na mteja anayelilia blauzi.

"Njoo Bunju. Leo. Mumeo kanishtakia."

Blauzi nikaiachia kwa bei aliyoitaka mteja, jambo ambalo halijawahi kutokea, na yule mteja mwenyewe akaingiwa na shaka akaigeuza kutafuta kasoro. Njia nzima nilikuwa napanga utetezi wangu.

"Shikamoo somo."

"Marahaba. Funga mlango." Alikuwa amekaa kitandani, miguu haifiki chini. "Mumeo anasema umemhama kitanda ukiwa humohumo kitandani. Kakukosea nini?"

"Hajanikosea kitu."

"Basi wewe una nini?"

Utetezi wote wa njiani ukaniishia pale pale.

"Vua," akasema.

"Somo! Nina watoto wakubwa mie!"

"Na nilikufunda kabla hujawa na hata mmoja. Mama yako hakuoni, mwanao hakuoni, mie nakuona. Vua, nisiwe nimeitafuta miwani bure."

Nikavua. Akatazama, akaomba ruhusa kwa jicho, akagusa kwa kidole kimoja.

"Linauma?"

"Haliumi."

"Tangu lini?"

"Mwaka jana, kabla ya mfungo."

"Umemwonyesha nani?"

"Nimekwenda duka la dawa."

"Ukamwonyesha?"

"Nikamwambia liko mguuni."

Alinitazama juu ya miwani, akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, na mie nikacheka, nimesimama pale na kanga mkononi kama mtu aliyeanguliwa leo. Kisha akakoma ghafla.

"Jipu lisilouma wala kupasuka silijui," akasema. "Na nisilolijua silitilii dawa. Kesho hospitali. Ukienda peke yako utawaambia liko kichwani, kwa hiyo twende wote."

"Kesho nafungua belo, somo. La gredi ya kwanza."

"Belo haliozi."

Nilitoka Bunju nimechangamka kama mtu aliyeuza duka zima. Bado sikujua nina nini, inaweza kuwa saratani, neno hilo lilikuwa limeshaingia kichwani likavuta kiti. Lakini sasa tulikuwa wawili tunaolijua, na mzigo wa wawili, hata usipopungua uzito, walau una mpini kila upande.

Hospitalini tuliingizwa chumba chenye kitanda kirefu na pazia. Muuguzi, mama mnene mwenye lafudhi ya Uzaramo kabisa, akanipa shuka, akasema daktari anakuja. Daktari akaja. Kijana. Mwanamume. Umri wa mdogo wangu wa mwisho, kavaa miwani ya duara, lafudhi ya kanda ya ziwa.

Nikajifunika shuka mpaka kidevuni. "Sista, hakuna mwanamke?"

"Leo yupo yeye tu, mama. Au urudi wiki ijayo."

Wiki ijayo. Nilijua kabisa kwamba nikitoka pale sirudi, nitapata belo la kufungua kila siku mpaka siku ya kufa. Somo naye alijua. Akainuka kwenye kiti, akaenda mlangoni, ambako daktari alikuwa amesimama nusu ndani nusu nje, akaziba njia kwa mikono miwili.

"Kifungua mlango," akasema.

Daktari akatazama kushoto na kulia. "Samahani, bibi?"

"Huyu mwali wangu. Mwanamume haingii alipo mwali wangu bila kifungua mlango. Mumewe alitoa. Wewe nani usitoe?"

Muuguzi alikuwa ameshika mdomo, mabega yanamtikisika. "Dokta, toa tu," akasema. "Ni desturi. Bwana harusi huwa analipa mlangoni ndipo kungwi amruhusu aingie. Usipotoa tutalala hapa."

"Bibi, rushwa hairuhusiwi hospitalini," daktari akasema, na ilionekana anasema kweli, anaogopa.

"Rushwa anatoa mgonjwa, baba. Hapa anatoa daktari. Ushawahi kuona?"

Akafikiri. Hajawahi.

"Na pesa yako siitaki. Toa chochote. Mlango ukifunguliwa bure, hata mwizi ataingia."

Akajipapasa mifuko ya koti jeupe. Kalamu akairudisha, anaihitaji. Hatimaye akatoa pipi kifua moja, karatasi yake imekunjamana, akamkabidhi somo kwa mikono miwili. Somo akaigeuza kuikagua kama noti, akaifunga kwenye pindo la kanga, akasogea pembeni.

"Karibu ndani," akamwambia. "Ingia kwa adabu."

Nilikuwa nacheka mpaka machozi. Na mwili ukishacheka haukazi tena. Nililala, nikaachia shuka, na yule kijana akaingia kwa adabu kweli: aliniambia kila anachotaka kufanya kabla hajakifanya, na kila mara alisubiri niseme ndiyo.

"Mama," alisema alipomaliza, "hili si jipu. Ni uvimbe, uko kwenye shavu la nje la uke, upande wa kulia. Nimeona picha zinazofanana na huu vitabuni. Kwa mkono wangu sijawahi kuushika."

"Picha za nini?"

"Siwezi kusema kwa macho. Sehemu hii inaota vivimbe vya aina nyingi, vingine adimu sana. Vingi havina ubaya. Vichache ni saratani. Tukate kipande kidogo kiende maabara."

Akanichoma ganzi, akakata. Kipande chenyewe nilikiona kwenye kichupa: kidogo kuliko kifungo cha shati la mtoto. Nikashangaa kitu cha ukubwa ule kiwe ndicho kitakachosema kama nitawaona wajukuu.

Siku za kungoja majibu niliuza kama mwendawazimu. Nilifungua lile belo, nikapanda juu ya meza, nikaita wateja kwa sauti iliyowafanya wauza mchicha wanyamaze wasikilize. Jirani yangu akasema yule bwana mpya sasa kanoga. Sikulala vizuri, sikula vizuri, na sijawahi kuchangamka vile maishani mwangu.

Majibu yalipotoka, daktari alilipa pipi nyingine mlangoni, akakaa, akanieleza. Uvimbe huu unatokana na chembe zinazozunguka mishipa ya fahamu. Ukiutazama kwa darubini umejaa punjepunje. Ni adimu popote mwilini, na huko chini ni adimu zaidi.

"Adimu," nikasema. "Kwetu Tandika kitu adimu kinapanda bei."

"Mama, mara nyingi aina hii si saratani. Mara chache sana huwa. Kipande kile kinaonyesha dalili nzuri, lakini ni kipande. Siwezi kukuapia mpaka tuutoe wote, pamoja na ukingo wa nyama nzima kuuzunguka, ukaguliwe wote."

"Ukingo kiasi gani?"

Akanionyesha kwa vidole.

"Huo mwingi. Chukua nusu."

"Mama…"

"Nusu na robo. Ya mwisho hiyo."

"Hapa si Tandika, mama. Hapa ni supamaketi, bei imebandikwa."

"Dokta, kila mahali ni Tandika."

Akavua miwani, akaifuta. "Nikikupunguzia leo, kuna punje itabaki. Ikibaki, uvimbe unarudi. Na ukirudi, hiyo bei ya siku hiyo siijui mie wala wewe."

Nilinyamaza, na somo akajua ninachonyamazia, maana hakuna mwingine niliyeweza kunyamaza mbele yake nikaeleweka. Akamuuliza kwa niaba yangu, bila kupepesa: "Akipona, mambo ya ndani yatakuwepo?"

Daktari akawa mwekundu kwa kadiri mtu mweusi anavyoweza. "Yatakuwepo, bibi. Tunagusa shavu tu. Litakuwa jembamba kuliko mwenzake."

"Hakuna binadamu mwenye mashavu sawasawa," somo akasema, "hata ya usoni. Mpe ukingo wake."

"Ni wangu, somo."

"Ndiyo maana nakwambia wewe umpe."

Nikafikiria shati lililotafunwa na nondo. Fundi akikata pembeni kabisa ya tundu ili aokoe kitambaa, wiki ya pili nyuzi zimefumuka na shati limeniharibikia mezani. Fundi mzuri hukata mpaka kwenye kitambaa kizima. Najua hilo miaka yote, nawashawishi wateja wangu kwa maneno hayo hayo. Nikasema, "Haya. Bei yako." Ni kitu pekee ambacho nimewahi kununua bila kupunguziwa, na mpaka leo inanikereketa kidogo.

Siku moja kabla ya upasuaji daktari alikuja wodini akiwa na aibu. Alikuwa na wanafunzi. Uvimbe kama wangu wanaweza kumaliza chuo, wakafanya kazi, wakastaafu, wasiuone. Aliomba nikubali wautazame, na akasema nikikataa haitabadilisha chochote katika tiba yangu.

Nikachungulia koridoni nikawahesabu: sita. Nikahesabu tena: saba, mmoja kajificha nyuma ya mwenzake mrefu.

"Wanne," nikasema. "Wawili wa kike, wawili wa kiume. Na nina sharti langu, nitalisema wakiwa ndani."

"Na mlango?" somo akauliza kutoka kwenye kiti chake. Macho yake yalikuwa yanawaka kama ya mtoto asubuhi ya Idi. Daktari akawageukia wanafunzi wake. "Kuna kifungua mlango," akawaambia kwa sauti ya mtu anayetangaza kanuni ya hospitali. "Kila mmoja alipe."

Wodi nzima iliinua vichwa kutoka kwenye mito. Binti wa kwanza alitoa kibana nywele, somo akakipokea, karibu ndani. Wa pili alitoa biskuti iliyobaki nusu pakiti. Somo akamwambia amekuja na zawadi iliyoliwa, lakini adabu anayo, apite. Kijana mrefu alitoa leso safi, akapongezwa kwa malezi. Wa nne akageuza mifuko yote nje.

"Bibi, mie sina kitu kabisa. Hata simu nimeiacha."

"Basi cheza."

"Nicheze?"

"Una miguu au huna?"

Akatazama daktari wake. Daktari akatazama dari. Mgonjwa wa kitanda cha dirishani, mama aliyekuwa hajasema neno tangu juzi, akaanza kupiga makofi ya singeli, ya kasi, wengine wakadaka. Yule kijana, koti jeupe mpaka magotini, akaitupa miguu pale koridoni kama mzaliwa wa Mbagala, na ikagundulika kwamba ndivyo alivyo. Vigelegele vikapigwa. Muuguzi mkuu alitokea mwisho wa koridoni, akaona, akageuka akarudi alikotoka.

Ndani walivuta pazia, wakanizunguka, wakatazama, wakagusa mmoja mmoja kwa ruhusa. Daktari akawaeleza kwa maneno yao. Alipomaliza nikasema sharti langu.

"Sikilizeni. Mwanamke akiwaambia ana jipu mguuni, muulizeni mguu gani, na unaishia wapi kwa juu. Akinyamaza, mmeshajibiwa. Msimpe vidonge mpaka mwanamke mwenzake amtazame, au nyie wenyewe kwa adabu. Mmesikia?"

"Tumesikia, mama."

"Semeni tena."

Wakasema tena. Yule mcheza singeli ndiye aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote.

Upasuaji wenyewe sina mengi ya kusimulia. Sindano ya mgongo ilinichukua miguu, nikalala nasikia vyuma vikigongana upande wa pili wa pazia. Nilipoona kichupa kinapita, mara hii kikubwa, nikauliza kama ametoa ukingo wote tuliokubaliana. Akasema wote. Nikasema asije akanizidishia. Nilirudi nyumbani nikakalia beseni la maji ya chumvi asubuhi na jioni, na mume wangu akapika, wali ukiungua anasema ndivyo unavyotakiwa.

Kisha ikaja siku ya majibu ya mwisho. Siku hiyo mume wangu alitusindikiza, akabaki kwenye benchi la nje, mikono katikati ya magoti, plasta bado kwenye kucha. Mie na somo tukaingizwa chumba kile kile cha pazia, tukaambiwa tungoje.

Nimeshakaa mbele ya wauzaji wengi. Belo likiwa bovu, muuzaji huja haraka, anaanza kuongea kabla hajafika, anakuuliza habari za watoto. Nilikuwa nimejiandaa kumsoma yule kijana usoni kabla hajafungua bahasha. Somo alinishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi, na ndipo nilipojua kwamba hata yeye anaogopa, miezi yote ile alikuwa anaogopa.

Nyayo zikaja. Mlango ukafunguka. Daktari akasimama kizingitini, bahasha kwapani, mguu hajauvusha. Hakuongea. Akaanza kujipapasa mfuko wa kulia. Hamna. Akapapasa wa kushoto. Akainama akatafuta mfuko wa suruali, taratibu, bila haraka yoyote duniani, mpaka akaipata ile pipi, akamnyooshea somo kwa mikono miwili.

Nikaanza kupiga kelele kabla hajasema neno. Mtu mwenye habari mbaya hatafuti pipi.

"Si saratani," akasema, "na ukingo ni safi pande zote…"

"Soma tena!"

"Mama, sijamaliza hata mara ya kwanza."

"Soma!"

Akasoma, akasoma tena. Ukingo safi pande zote. Nirudi kila baada ya miezi sita kutazamwa, maana adimu haina adabu, inaweza kurudi. Somo alikuwa amepiga kigelegele kilichomtoa mume wangu kwenye benchi, akaja mbio mpaka mlangoni, akasimama hapo hapo, akatutazama.

"Kifungua mlango," somo akamwambia, anajifuta machozi.

"Nilishalipa," mume wangu akasema. "Zamani." Akaingia. Sentensi mbili.

Siku hizi nakaa. Nakaa juu ya belo kuanzia asubuhi, miguu nimeinyoosha, na mauzo yameshuka. Jirani yangu wa mashuka anawaambia watu kwamba yule bwana kaniacha.